Kisanduku Kimoja, Bando Zima

Hivi ni nani aliyeamua kwamba kijana wa Ujiji anayetaka kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lazima kwanza amalize bando la mwezi mzima? Unapakua, unasakinisha, unaandika “python” kwenye dirisha jeusi la amri, na kompyuta ya Windows inafanya kana kwamba haipo, ilhali umeisakinisha sasa hivi, kwa sababu tu kisanduku cha kuiongeza kwenye PATH (orodha ya mahali Windows inapotafuta programu), kilichobanwa chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, huja bila tiki! Kwa nini? Ukishakitia tiki, maktaba unayoihitaji (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) inakataa toleo jipya la Python na kudai la zamani. Unapakua upya, na mtandao unakatika ukiwa kwenye asilimia 99. Wenzangu wa Mwanga na Gungu, Kigoma, mnavumiliaje? Enyi waandaaji wa mafunzo, kisanduku hicho kitajeni mapema, kabla mwanafunzi hajakata tamaa.