Tuulizwe kabla jina halijatoka

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, tulisomewa makadirio ya michango ya kumpokea Askofu mpya. Kila jumuiya imepangiwa kiwango chake, vyama vya kitume navyo vimepangiwa, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wamepewa chakula cha wageni. Kijana mmoja akasimama akauliza kwa adabu kabisa: je, kabla ya uteuzi huu, kuna mwamini yeyote wa hapa aliyeulizwa jimbo letu lina shida gani? Akajibiwa kwamba mambo hayo hayawahusu walei, yaani sisi waamini tusio mapadre wala watawa, kazi yetu ni kusali, Roho Mtakatifu anajua kazi yake. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku ile jibu hilo limenikaa rohoni.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Nitachanga. Siku ya kusimikwa nitakuwepo, na Baba Askofu nitamtii kama nilivyowatii waliomtangulia. Juu yake sina neno. Neno langu ni juu ya jibu lile, kwa sababu si la kweli, na kwa sababu linatufanya wageni katika Kanisa tulilobatiziwa.

Sheria ya Kanisa yenyewe haisemi hivyo. Kanuni ya 377 inaeleza kwamba Baba Mtakatifu huteua maaskofu kwa uhuru, na hilo halina ubishi. Lakini inaeleza pia kazi ya Balozi wake anapoandaa majina matatu ya kupeleka Roma: awasikilize maaskofu wa kanda, awasikilize baadhi ya mapadre washauri wa jimbo, na akiona inafaa aulize, mmoja mmoja na kwa siri, mapadre wengine na walei wenye hekima. Walei wametajwa. Tatizo liko kwenye hilo “akiona inafaa”. Mlei mmoja mmoja hupata dodoso lenye maswali juu ya padre fulani, afya yake, familia aliyotoka, sala zake, uwezo wake wa kuongoza, na hujibu chini ya siri ya kipapa. Sisi wengine hupata habari saa sita adhuhuri ya Roma, Vatikani inapotangaza, na dakika hiyo hiyo simu zinajaa picha ya Askofu Mteule.

Siri juu ya mtu naikubali. Padre aliyetajwa hakuomba kutajwa, na asipoteuliwa anapaswa kurudi altareni kesho yake heshima yake ikiwa haijaguswa. Lakini hali ya jimbo si siri ya mtu. Kwa nini tusiulizwe hiyo?

Katika jumuiya yetu kuna mama aliyekulia kigango cha mbali, tawi la parokia lisilo na padre wake, na ndugu zake bado wako huko. Kwao Misa hupatikana mara moja kwa miezi miwili, mvua ikikata barabara hata hiyo haipo. Katekista ndiye anayezika, ndiye anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, ndiye anayeongoza ibada kila Dominika, na posho yake hutoka kwa waamini wakijaliwa kuuza mahindi. Tulipokuwa tunapanga michango, mama huyu aliuliza swali moja tu: “Huyu Baba Askofu mpya, huko kwetu anakujua?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Hakuuliza kabila lake, hakuuliza amesomea wapi. Alitaka kujua kama katika safari yote ile ndefu ya karatasi, kutoka jimboni hadi ubalozini, hadi Baraza la Kipapa la Uinjilishaji linaloshughulikia majimbo mengi ya kwetu Afrika, kuna karatasi hata moja iliyotaja kigango chao. Swali hilo lina uzito kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia juu ya ushiriki wa walei. Jimbo ambalo vigango vyake viko hivyo linahitaji askofu wa aina fulani, mtu wa kutembea, mwenye moyo wa kuwapanga upya mapadre waliolundikana mjini. Jimbo lenye madeni na hospitali inayoyumba linahitaji mwingine. Nani anayajua hayo kuliko wanaoyaishi?

Najua nitaambiwa Kanisa si chama cha siasa. Ni kweli, wala sitaki kampeni wala masanduku ya kura. Nitakumbushwa Ahiara, Nigeria, na lazima nikiri kwamba habari hiyo inauma. Desemba 2012 Peter Okpaleke aliteuliwa kuwa Askofu wa huko. Mapadre na walei wengi wakamkataa kwa sababu hakuwa wa Mbaise, eneo la jimbo hilo, ingawa ni Mwigbo mwenzao kutoka Awka. Mei 2013 ikabidi awekwe wakfu nje ya jimbo lake. Juni 2017 Papa Fransisko akawapa mapadre siku 30 kila mmoja aandike barua ya kuomba radhi na kuahidi utii. Bado Februari 2018 Askofu akajiuzulu. Ile ilikuwa dhambi ya ukabila, na mbegu yake ipo kwetu pia. Jimbo likikaa wazi kidogo tu, minong’ono ya “safari hii awe mtoto wa nyumbani” huanza, wakati mwingine sakristia kwenyewe.

Lakini ukimya haujawahi kuua minong’ono hiyo. Unailisha. Watu wasipoulizwa swali la maana, hujiuliza wenyewe lile la hovyo.

Wazee wetu wa imani hawakuogopa sauti ya watu. Mwaka 374 kule Milano, Ambrosi alikuwa gavana, hata ubatizo alikuwa hajapokea, na umati ndio uliopaza sauti awe askofu. Papa Leo Mkuu aliandika kwamba atakayewaongoza wote achaguliwe na wote. Ndiyo, kulikuwa na vurugu, hadi watu wakauawa Roma mwaka 366 katika ugomvi wa Damaso na Ursino, na baadaye wafalme wakataka kuweka maaskofu wao. Roma ilikuwa na sababu ya kushika jambo hili mkononi mwake. Ila kumzuia mfalme ni jambo moja, kumnyamazisha mama wa kigangoni ni jingine. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Oktoba 2024, mkutano mkuu wa Kanisa huko Roma, imesema wazi kwamba Taifa la Mungu lipewe sauti kubwa zaidi katika kuwachagua maaskofu. Na mwaka 2022 wanawake watatu, mmoja wao mlei, waliteuliwa kuwa wajumbe wa Baraza la Kipapa la Maaskofu, linalomshauri Papa juu ya uteuzi wa maaskofu, huko huko Vatikani.

Kwa hiyo viongozi wa Halmashauri Walei, nawaomba. Askofu anaombwa kuwasilisha barua ya kung’atuka atimizapo miaka 75, na tarehe yake ya kuzaliwa kila mtu anaijua. Tuna miaka ya kujiandaa. Kanuni ya 212 inatupa haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wetu maoni yetu kwa heshima. Kila parokia iandike ukurasa mmoja: vigango vingapi, Misa mara ngapi, makatekista wanaishije, vijana wameenda wapi, hesabu zinasomwa au hazisomwi. Kurasa hizo zikusanywe na zipelekwe kwa Balozi, Dar es Salaam. Zisitaje jina la padre hata mmoja.