Mjomba Aliyeona Cardiff Tatu

Treni ya kutoka London inakaribia Cardiff, tumbo likanikata. Nikakimbilia msalani, nikamwachia mizigo mjomba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Tanga. "Mjomba, tukifika nigongee mlango."

Hakugonga. Natoka, namkuta anamenya chungwa kwa raha zake, nje malisho na kondoo.

"Mjomba, Cardiff iko wapi?"

"Bado, mpwa wangu. Tumesimama mahali panaitwa Kaerdidi. Nimesoma mwenyewe."

Vibao vya kule vina mistari miwili, Kiwelisi juu, Kiingereza chini. Huo wa chini, anasema, ulizibwa na jamaa mmoja pande la mtu. Mji mkuu wa Wales tangu 1955, tumeupita hivi hivi!

Mkagua tiketi, mama wa makamo, alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Caerdydd ndiyo Cardiff, akasema. Caer ni ngome; Warumi waliijenga kando ya mto Taf, mahali pakaitwa Caerdyf, yaani ngome ya Taf. Baadaye f ya mwisho ikageuka dd, ambayo husomwa dh kama ya dhahabu. Waingereza wakabaki na f yao.

"Kumbe Mwingereza ndiye aliyeshika jina la zamani, wenyewe mkaliacha?" mjomba akauliza.

Mama akatoboa tiketi zetu kwa nguvu kidogo, akaenda zake.

Tukashuka Bridgend, tukapanda ya kurudi. Safari hii sikubanduka kwenye kiti. Treni inasimama, mjomba anatazama dirishani: *Croeso i Gaerdydd*.

"Hii ina G. Ile ilikuwa na C. Sishuki."

"Mjomba, ndiyo hii!"

"Mimi nimesahihisha imla miaka yote, leo G na C zinipite?"

Milango ikaanza kulia. Nikamkamata mkono, begi kichwani, tukaangukia nje pamoja na maganda ya chungwa. Kuinua macho, ukutani kuna tangazo: *yng Nghaerdydd*.

"Tatu!" mjomba akapiga kelele.

Binti mmoja Mwelisi aliyetusaidia kuokota maganda akafafanua. Jina hubadilika kichwa kwa kufuata neno lililotangulia: baada ya i, C huwa G, baada ya yn, ambayo hapa imeandikwa yng, huwa Ngh. Hata T ya Taf iligeuka D namna hiyohiyo ndani ya Caerdyf.

Uso wa mjomba ukang'aa. "Ulimi, ndimi! Si mngesema mapema?" Akavuta pumzi, akalitamka Nghaerdydd kwa ng' ya ng'ombe, safi kabisa. Binti akapiga makofi.

Mwingereza mmoja aliyekuwa akipita naye akajaribu. Likamtoka "Nigadidi." Mjomba akaweka begi chini, mvua inanyesha, akamwambia: "Hapana. Rudia."