Mita moja, wapangaji wanne

Ukimuuliza mpangaji wa Majengo au Pasua, hapa Moshi, kwa nini anapinga bei ya umeme, hatakutajia asilimia yoyote. Atakwambia kwamba LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi haimalizi wiki. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila nadhani yanamlenga asiyehusika.

Bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 ziliwapa wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja kwa shilingi 100, na wa matumizi ya kawaida kwa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Chukua sasa nyumba ya wapangaji wanne wanaotumia mita moja, kila mmoja akitumia uniti 40. Kila mmoja ni mteja mdogo, lakini mita inasoma uniti 160, hivyo wote wanahesabiwa kundi la juu: kila mpangaji analipa shilingi 11,680 badala ya 4,000. Hapo bado kodi ya jengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba lakini hukatwa kwenye LUKU ya anayenunua.

Upande wa TANESCO, shirika la umeme, nao una hoja. Uniti ya shilingi 100 inabebwa na wateja wanaolipa zaidi, na sehemu ya umeme unaosafirishwa hadi Kaskazini hupotea njiani, kwa kuwa Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 liko Rufiji, wakati Nyumba ya Mungu, jirani yetu, ina megawati 8 tu. Mwishoni mwa 2016 EWURA ilikubali ongezeko la asilimia 8.5, Serikali ikalizuia papo hapo. Wananchi walishangilia, nami nikiwemo, ingawa gharama za shirika zilibaki palepale.

Kwa hiyo anayesimama kwenye mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bei, kudai bei isipande hata senti anamlinda pia mwenye jumba la kifahari kule Shanty Town, ilhali mpangaji wa Pasua anaendelea kulipa 292 kama kawaida. Dai lenye manufaa zaidi kwake ni kwamba kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kaya, si kwa mita. Ugumu upo: kaya zinaweza kuongezwa kwa maneno matupu, na mita ya pili lazima igharimiwe na mtu, wakati mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuiomba, hapotezi chochote asipoiomba.