Acheni Kuniuliza Rangi

Kila Mei, msimu wa kuvua wolai, samaki wa maziwa na mito ya huku, ukikaribia kufunguliwa hapa Minnesota, Marekani, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, mwaka huu wanakula rangi gani?" Juzi nimechoka kabisa. Jamaa mmoja kanitumia picha ya kopo lake jipya la jigi, yaani ndoana zenye kichwa cha madini ya risasi: za chungwa, za waridi, za kijani cha kung'aa, zenye madoadoa, zenye macho ya kuchorwa. Na kila kichwa humo ni kilekile cha duara, uzito uleule, tundu la mshipi limekaa utosini. Eti Jumamosi anakwenda nazo kwenye magugu ya ziwani, Jumapili mtoni. Kila la heri.

Haya, maji yakiwa ya tope rangi kali husaidia. Kidogo. Nimekubali, tuendelee.

Sisi tuliolelewa na mshipi wa mkono pale Dunga, Kisumu, tulizoea chubwi huku na ndoana kule. Jigi ni chubwi na ndoana vilivyofungishwa ndoa: risasi ikigeuka, ndoana imegeuka; ikikwama, mmekwama wote. Kwa hiyo umbo la kichwa na mahali tundu lilipo ndivyo vinavyoamua kama jioni utakula samaki au ugali na sukuma wiki.

Kwenye magugu nataka kichwa chembamba, kilichochongoka mbele, tundu likiwa puani kabisa. Ukivuta, pua inatangulia na shina linateleza pembeni. Kile cha duara kina pengo kati ya tundu na kipaji cha uso, na pengo hilo hukamata kila jani linalopita. Unatupa, unavuta mboga. Unasafisha, unatupa, unavuta mboga tena. Halafu unaniambia wolai hawapo! Wapo, bwana, wamejificha humohumo kwenye kivuli, maana macho yao yameumbwa kwa mwanga hafifu na jua la mchana hawalipendi.

Uzito nao: thumuni ya wakia yatosha, yaani kama gramu 3.5, na penye kina kifupi hata nusu ya hiyo. Unataka jigi ishuke polepole juu ya majani, si ipige mbizi hadi kwenye mizizi. Yale magugu ya majani mapana, ambayo wavuvi wa huku huyaita kabeji, hukatika kirahisi. Jigi ikinasa, ng'oa kwa nguvu mara moja. Jani linavunjika, jigi inachomoka ghafla, na mara nyingi hapo ndipo samaki anapoivamia. Ila ndoana iwe ya waya mnene, maana nyembamba itanyooka. Magugu ya nyuzinyuzi yanayojisokota usibishane nayo, pita ukingoni. Vichwa vyenye nywele ngumu za kukinga ndoana? Vinafaa, lakini samaki akiuma kwa kusitasita vinakukosesha.

Mtoni mambo yanageuka. Pale Mississippi karibu na Red Wing, chini ya bwawa namba 3, mashua inateremka na mkondo na mshipi unapaswa kusimama wima chini yako. Sasa lile tundu la utosini nililolitukana lina kazi: linaifanya jigi ining'inie ikiwa imelala, kama kisamaki kinachoogelea. Kichwa cha duara kina mahali pake, na mahali pake ni hapa. Chenye ubavu bapa ni bora zaidi, kwa kuwa kinapasua mkondo na hukuruhusu kupunguza uzito.

Kuhusu uzito wenyewe, uulize mto. Anza na robo wakia. Bwawa likiachia maji mengi, panda hadi nusu. Usiposikia inapogonga chini, huvui, unaosha mshipi tu. Wala usikimbilie nzito kwa uvivu. Wolai hufyonza chambo pamoja na maji, na jigi nzito kupita kiasi haiingii kinywani vizuri. Zaidi ya hapo inajichimbia kwenye yale marundo ya mawe yaliyopangwa tangu karne ya 19 ili kuusukuma mto katikati. Mawe hayo yamemeza jigi nyingi kuliko samaki wote wa Minnesota.

Mtauliza kuhusu tungsteni, ile metali inayotumika badala ya risasi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 hivi, ya tungsteni 19, kwa hiyo kwa uzito uleule unapata kichwa kidogo zaidi, kinachopenya magugu vizuri. Tena risasi huua ndege wa majini wanaoimeza, akiwemo yule luni, ndege wa jimbo hili. Bei ya tungsteni lakini inaumiza. Mimi naitumia kwenye magugu, ambako jigi nyingi narudi nazo nyumbani. Kwenye mawe ya mtoni bado natupa risasi, na anayetaka kunigombeza kwa hilo aje na kopo la tungsteni mkononi.