Toyota hawaji Jangwani, tuwafuate wanaotuuzia magari kweli

Jumapili ile ya tarehe 28 Julai 2024 nilikuwa Mbagala, kibanda umiza kimejaa mpaka watu wamekalia kreti za soda, na Yanga yetu ya Jangwani inampiga Kaizer Chiefs 4-0 kule kwao Afrika Kusini, Bloemfontein, kwenye Toyota Cup. Dube kafunga, Mzize kafunga, Aziz Ki kapiga mawili, na kwenye benchi la Chiefs kakaa Nabi, kocha wetu wa zamani, yule yule aliyetufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Uwanja unaitwa Toyota Stadium, kombe linaitwa Toyota Cup. Mechi haijaisha jamaa mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Toyota washatuona hao, msimu ujao kifuani ni Toyota!" Basi. Mpaka usiku ilishakuwa habari, kwenye magrupu ya wasapu inazunguka jezi ya kutengenezwa na simu, njano na kijani na ile nembo katikati, na watu wanabishana kama nembo ikiwa nyekundu tutaivaa au itabidi wabadilishe iwe nyeusi. Yanga na rangi nyekundu mnajua wenyewe, hiyo ni ya watani zetu Simba.

Tangu siku ile kila msimu ukikaribia uvumi unarudi, safari hii Toyota, safari ijayo ni Wachina, na upande wa pili kule Msimbazi kwa Simba hivyo hivyo, kila wakimpata mgeni mwenye suti kwenye jukwaa ni kampuni ya magari hiyo. Mi nimekaa kimya muda mrefu ila leo naandika kwa sababu naipenda hii timu na naona tunaisubiri hela ambayo haiji, wakati ipo nyingine inapita mbele yetu kila siku na hakuna anayeikimbilia.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Meli ikitia nanga Dar mi ndo nipo na makaratasi, ushuru, ukaguzi, mpaka mwenye gari anakabidhiwa funguo. Sasa niambieni, kwenye hayo magari ninayotoa yapo mangapi ambayo Toyota mwenyewe kayauza? IST, Noah, Vitz, Harrier tako la nyani, Probox, Crown, zote nembo ni ya Toyota lakini Toyota alishakula hela yake Japani miaka mingi nyuma, kwa Mjapani wa kwanza aliyeinunua ikiwa mpya. Mjapani kaichoka kaipeleka mnadani, kampuni ya kusafirisha magari used ikainunua pale, ikaipiga picha, ikaiweka mtandaoni, wewe ukiwa Tabata ukaiona ukatuma hela. Toyota hayupo kwenye hiyo biashara. Hajui kama umenunua, hapati kitu labda ukaenda kununua spea orijino na wengi wetu hatununui, tunakwenda Ilala kutafuta ya gari iliyokatwa.

Toyota mpya hapa nchini zinauzwa, ndiyo, lakini angalia nani ananunua. Land Cruiser nyeupe za serikali, za mashirika, za Umoja wa Mataifa, za migodini. Yule afisa manunuzi hasaini oda ya gari 40 eti kwa sababu Aziz Ki alivaa Toyota kifuani. Kampuni inaweka jina kwenye jezi ili mtu wa kawaida akitoka uwanjani anunue kitu chake, ndo maana tangu zamani vifua vya timu zetu vimekaa bia, simu na kubeti. Kilimanjaro Lager walidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, SportPesa, watu wa kubeti, nao 2017 wakaja wakachukua zote mbili. Bia buku kadhaa, mkeka wa kubeti hata wa mia tano, hicho kitu shabiki wa mzunguko, lile jukwaa la bei nafuu, anacho mfukoni. Gari mpya ya kiwandani hana.

Mtu ataniuliza mbona Afrika Kusini Toyota wamo? Wamo kwa sababu kule wana kiwanda, Prospecton pale Durban, Hilux zinatoka pale pale, na mwalimu au nesi wa Soweto anaingia shoo rumu anakopeshwa gari mpya na benki. Shabiki wa Kaizer Chiefs ni mteja wa Toyota kabisa. Sisi tulialikwa kwenye sherehe ya watu tukacheza vizuri kuliko wenye nyumba, raha tumeipata na kombe tumekuja nalo, lakini biashara ya pale ilikuwa ya wenyewe.

Na mapenzi ya nembo ya gari kwenye jezi nayaelewa, msidhani siyaelewi. Jezi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa mtumba wa Karume, Milan mistari myekundu na meusi, kifuani Opel. Ndiyo jezi aliyokuwa anavaa Weah, Mwafrika mwenzetu, mwaka 1995 akachukua Ballon d'Or. Opel walikaa pale Milan tangu 1994 mpaka 2006, na Bayern nako walikuwepo tangu 1989 mpaka 2002, kwahiyo kizazi changu chote kimekua na Opel kifuani. Mpaka leo sijawahi kupanda Opel. Katika magari yote niliyotoa bandarini sikumbuki hata moja. Nimeitangaza bure mtaani miaka sita mpaka jezi ikachanika kwapa, na Opel hawakuuza hata tairi kwa sababu yangu.

Chevrolet na Manchester United ndo somo kubwa zaidi, na hapa bongo mashabiki wa United ni wengi kwahiyo mnakumbuka. Mwaka 2012 General Motors, wenye gari za Chevrolet, walisaini kuweka jina hilo kwenye ile jezi kuanzia msimu wa 2014/15, miaka 7, zaidi ya dola milioni 550. Watu tulichanganyikiwa na ile namba. Siku hizo hizo za kutangaza, bosi wa masoko wa General Motors aliyekuwa nyuma ya dili akaondoka kazini, na Desemba 2013, jezi yenyewe bado haijavaliwa hata mechi moja, General Motors wakatangaza kwamba Chevrolet inaondolewa kwenye soko la Ulaya. Yaani timu ya Uingereza inatangaza gari ambayo shabiki wa pale Manchester hawezi kwenda kuinunua dukani. Walikuwa wanaangalia Asia na kwingine, sawa, lakini mkataba ulipoisha 2021 hawakuongeza, kifua wakachukua TeamViewer ambao ni watu wa programu za kompyuta. United ilikula hela yake yote, kweli, ila kampuni ya gari ikishaona haiuzi kitu hairudi, na United ana foleni ya wadhamini nje ya geti. Sisi hiyo foleni hatuna. Kenya waliona 2019, SportPesa walipositisha udhamini, timu za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki mikono mitupu katikati ya shida.

Kuna wengine kwenye kijiwe wanakwenda mbali zaidi, wanataka kampuni ya gari inunue timu kabisa, wanatoa mfano wa Wolfsburg na Volkswagen waliochukua ubingwa wa Ujerumani 2009. Wolfsburg ule ni mji uliojengwa kwa ajili ya kile kiwanda jamani, mfanyakazi, mteja na shabiki ni mtu mmoja. Mkitaka upande wa pili wa hiyo habari muangalieni Sochaux ya Ufaransa. Peugeot wameianzisha wenyewe 1928, wamekaa nayo karibu miaka 90, mwaka 2015 wakaiuza, na 2023 hali ya fedha ikawa mbaya mpaka ikashushwa daraja la tatu na mashabiki wakachanga hela zao kusaidia isife. Miaka 90! Sasa nyie mnataka kumkabidhi Jangwani mtu ambaye hata kiwanda hapa hana.

Haya, hela ipo wapi. Nendeni Malawi, hapo tu jirani, na magari yao mengi yanapita bandari hii hii ninayofanyia kazi. Kuna timu kubwa Blantyre inaitwa Mighty Wanderers, ilikaa miaka kadhaa inaitwa Be Forward Wanderers. Be Forward ni wale wale Wajapani wa magari used, kila mtu hapa anawajua, stika yao iko nyuma ya nusu ya magari ya Dar. Waliidhamini timu mpaka ikabeba jina lao, na 2017 ikachukua ubingwa wa ligi kuu ya Malawi. Baadaye udhamini uliisha wakaja Mukuru, watu wa kutuma pesa, lakini jambo lilishathibitika kwamba anayeuza gari used anamhitaji shabiki wa Afrika, maana ndiye mteja wake, huyo huyo, hana mwingine. Malawi nzima haifiki nusu ya watu tulionao sisi. Sasa kama wao waliweza, Yanga yenye watu Tanzania nzima mpaka Lubumbashi inashindwa nini kugonga mlango?

Na sio hao tu. Pikipiki! Bodaboda wangapi wa nchi hii ni Wananchi, yaani watu wa Yanga, wangapi wana bendera ya njano na kijani kwenye saiti mira? Boxer, TVS, Haojue, hawa wanauza kwa yule kijana aliyekaa jukwaa la mzunguko, tena anakopa anarejesha kila siku, na kila baada ya miaka michache anabadilisha. Huyo ndo mteja halisi wa chombo cha moto kwenye mpira wetu. Ongeza watu wa matairi, oili, betri, bima, na sasa hivi bajaji na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mjini na zinatafuta kuaminika, hakuna kitu kinamwaminisha Mtanzania haraka kama kukiona kwa timu yake.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba muuza pikipiki hatoi hela ya muuza mkeka. Mwaka wa kwanza hatoi, nakubali. Na kuna jambo lingine gumu zaidi ambalo wengi hawalisemi, upinzani wetu na Simba unamtisha muuzaji. Mnakumbuka kampuni ya GSM walipoingia kudhamini ligi kuu Novemba 2021, Simba wakagoma kuvaa nembo kwa sababu GSM ni mtu wa Yanga, Februari 2022 GSM wakajitoa. Mtu wa Toyota au wa Boxer akiisoma hiyo anajiuliza, nikivaa njano nusu ya nchi itaisusa pikipiki yangu? Dawa yake bia waliijua zamani, wakadhamini zote mbili. Kwahiyo hapa inabidi viongozi wa pande zote mbili waende pamoja kwa muuzaji mmoja, wakiwa na namba mkononi, wanachama wangapi, wangapi wana pikipiki, wangapi walinunua gari mwaka huu. Hizo takwimu kampuni inazinunua kwa hela nyingi kwingine, sisi tunazo kwenye kadi za wanachama na hatuzitumii.

Wiki iliyopita yule jamaa wa kibanda umiza nimekutana naye tena, safari hii kaja na Wachina, anasema si umeona BYD, wale wa magari ya Kichina, walivyodhamini Euro 2024, basi wanakuja. Nikamuuliza kaka wewe unaendesha nini, akanijibu Boxer, ya tatu hii tangu aanze kazi. Ya tatu. Nikamwambia basi jina linalotakiwa kukaa kwenye jezi umelikalia hapo, na siku likiwekwa mi naipanga foleni Jangwani asubuhi na mapema kuinunua, yangu na ya mwanangu.