Kolibeki: seva imwite mteja, au mteja aulize mwenyewe?

Ripoti inayochukua dakika tatu kutengenezwa haikai vizuri ndani ya ombi moja la HTTP. Kabla seva haijamaliza, proksi (seva ya kati inayopokezana maombi na majibu) imeshakata: Nginx, mojawapo ya programu za kazi hiyo, ikiachwa na mipangilio yake ya awali husubiri sekunde 60 bila kusikia kitu kutoka kwa seva iliyo nyuma yake, kisha humrudishia mteja kosa la 504. Ndiyo maana kazi ndefu hupokelewa kwa jibu la 202, yaani "nimepokea, naishughulikia", na mteja huondoka na namba ya kazi. Ubishi huanzia hapo. Arudi mwenyewe kuuliza kama imekwisha, au aache anwani yake ili seva imwite ikimaliza? Njia hiyo ya pili ndiyo kolibeki.

Wanaoipenda kolibeki huanza na hesabu. Wateja 10,000 wakiuliza kila baada ya sekunde 5 kwa dakika tatu, kila mmoja atauliza mara 36. Hayo ni maombi 360,000, na 350,000 kati yake yatajibiwa "bado". Kolibeki 10,000 zingetosha. Hesabu ni sahihi, ila imemchagua mwulizaji mzembe. Seva inaweza kuweka kijajuu (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) cha Retry-After kumwelekeza mteja arudi baada ya muda gani, na mteja akirefusha vipindi vyake (sekunde 2, 4, 8, 16, kisha 30 kila mara) atauliza mara 9 tu katika dakika hizo tatu. Anacholipa ni kuchelewa: matokeo yanaweza kukaa tayari karibu nusu dakika kabla hajayaona. Kwa ripoti ya mwisho wa mwezi hilo si neno. Kwa skrini ambayo mtu ameikodolea macho, ni nyingi mno.

Kikwazo chenyewe cha kolibeki kipo kwenye anwani. Wateja wengi hawana anwani inayofikika. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta ina anwani kama 192.168.1.20, ambayo nje ya mtandao wake haimfikishi mtu popote. Ruta hupitisha pakiti za kuingia pale tu palipo na muunganisho ulioanzishwa kutoka ndani. Waliofanya kazi na WCF, zana ya Microsoft ya kuunganisha programu kupitia mtandao, wanaijua adha hii. Mojawapo ya njia zake za kuwasiliana, wsDualHttpBinding, iliahidi mawasiliano ya pande mbili juu ya HTTP, lakini ilivyotekelezwa, mteja naye alilazimika kufungua poti ya kusikiliza na seva ikaanzisha muunganisho wa pili kumfuata huko. Kwenye mashine ya mwandika programu mambo yalikwenda sawa, maana mteja na seva walikaa kompyuta moja. Programu ikipelekwa kwa watumiaji, wito wa kurudi uligonga ruta au kinga ya mtandao, na mteja akasubiri hadi muda ukaisha. Njia yake nyingine, netTcpBinding, haikuugua hivyo, kwa kuwa ilimwita mteja kupitia muunganisho uleule alioufungua yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania kasi, ulizeni kama mteja naye ni seva. Akiwa kivinjari au simu, kolibeki ya anwani haipo mezani. Mteja afungue njia mwenyewe na aishike wazi. WebSocket, iliyosanifiwa mwaka 2011 kwa RFC 6455, inafaa pande zote mbili zikiwa na la kusema. Kama seva ndiyo pekee inayosema, SSE (Server-Sent Events) inatosha na ni nyepesi: jibu la kawaida la HTTP la aina ya text/event-stream ambalo halifungwi, na kivinjari hujiunga tena chenyewe kikikatika, kikituma Last-Event-ID ili seva iendelee ilipoishia. WebSocket haikupi hilo, utaliandika mwenyewe.

Nazo njia hizi zina mitego yake. Nginx hukusanya majibu kwanza kabla ya kuyapitisha, hivyo matukio ya SSE yanaweza kubanwa humo kisha yakafika kwa mkupuo. Zima tabia hiyo kwa kijajuu cha X-Accel-Buffering chenye thamani "no". Ule ukomo wa sekunde 60 bado upo pia, kwa hiyo tuma mstari mtupu wa maoni, unaoanza na nukta pacha, kila sekunde 15 hivi. Na kwenye HTTP/1.1 vivinjari huruhusu takriban miunganisho sita kwa kila seva: mtumiaji akifungua vichupo saba, cha saba kinaganda bila kosa lolote kuonekana. HTTP/2 huondoa kero hiyo.

Kati ya seva na seva, kolibeki ndiko inakong'ara, na ndiko inakodai nidhamu zaidi. Chukua usalama. Anayekuruhusu uandikishe anwani yoyote ya kuitwa amekukabidhi seva yake ikutumie maombi, na mtu mbaya ataandikisha http://169.254.169.254/, anwani ambayo kwenye mawingu mengi hutoa taarifa za ndani za mashine, pengine hata funguo za muda. Kukagua jina la kikoa siku ya kuandikishwa hakutoshi, kwa sababu DNS, inayotafsiri jina kuwa anwani ya IP, inaweza kubadilishwa kesho yake. Kagua IP wakati wa kuunganisha, kataa anwani za ndani, wala usifuate maelekezo ya kuhamia anwani nyingine.

Upande wa mpokeaji, anwani iliyo wazi kwa dunia itagongwa na yeyote. Kinga ya kawaida ni sahihi ya HMAC-SHA256, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe kwa ufunguo wa siri, ikijumuisha na muda wa kutuma ili ujumbe wa zamani usirudiwe. Kosa linalosumbua wengi hapa ni hili: fremuweki (mfumo ambao programu imejengwa juu yake) inasoma ujumbe ulioandikwa kwa muundo wa JSON na kuugeuza kuwa data ya programu, kisha programu inaigeuza data hiyo tena kuwa maandishi ndipo ihakiki sahihi. 10.0 imekuwa 10, nafasi zimepotea, sahihi haioani, na mtu anamaliza siku nzima akishuku ufunguo. Hakiki baiti zilezile zilivyofika, kabla hazijaguswa.

Kisha kuna mbio ambazo majaribio ya ofisini hayazioni. Kazi ikiwa fupi, seva inaweza kupiga kolibeki kabla mteja hajaandika kwenye hifadhidata yake namba aliyopewa katika jibu la 202. Ujumbe unafika, namba haijulikani, unatupwa. Dawa ni mteja kutunga namba yake mwenyewe, kuihifadhi, ndipo atume ombi. Ujumbe unaweza pia kufika mara mbili, kwa sababu mtumaji asipopata jibu hawezi kujua kama uliingia. Weka namba ya tukio kwenye safu ya hifadhidata isiyoruhusu marudio, ndani ya muamala uleule unaofanya kazi yenyewe. Wala usifanye kazi nzito kabla ya kujibu. GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, kwa mfano, inataka jibu ndani ya sekunde 10. Pokea, andika kwenye foleni, jibu 200, mengine baadaye. Mpangilio nao hauna dhamana: "imekamilika" inaweza kutangulia "imeanza".

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kolibeki ni ukimya. Mwulizaji akishindwa, anajua papo hapo, maana yeye ndiye aliyepata kosa. Kolibeki ikishindwa, labda kwa sababu cheti cha TLS cha mpokeaji, kinachothibitisha seva yake kwa anayeunganisha, kimeisha muda, mpokeaji haoni chochote, na kwake hali hiyo inafanana kabisa na siku isiyo na matukio. Watumaji nao hawafanani: Stripe, huduma ya malipo, hujaribu tena hadi siku tatu, ilhali GitHub hairudii yenyewe ujumbe ulioshindwa.

Kwa sababu hiyo, sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Kolibeki ibebe namba ya kazi na aina ya tukio tu. Mpokeaji akishaipata, aende kwenye API, mlango wa kuiulizia seva, kusoma hali halisi. Matatizo ya mpangilio huisha kwa njia hiyo, na mwenye kughushi ujumbe anapata kidogo sana. Gharama yake ni ombi moja la ziada, nami ningelilipa bila kusita.

Juu ya hapo, kazi ya usuluhishi ipite mara kwa mara, tuseme kila dakika 15, kuuliza yaliyobadilika. Isianzie pale ukaguzi uliopita ulipoishia, irudi nyuma dakika kadhaa, kwa sababu rekodi iliyopigwa muhuri wa 10:00:01 inaweza kuonekana kwenye hifadhidata saa 10:00:03, baada ya ukaguzi wa 10:00:02 kupita. Marudio yatakayojitokeza yatazuiwa na ile safu isiyoruhusu marudio. Na kila tukio ambalo usuluhishi umelikuta bila kolibeki kulileta, lihesabiwe. Idadi hiyo ikipanda ghafla, kengele ilie, maana kuna cheti kilichokufa mahali.