Kamera Isiyowaona Punda

Ubishi wenyewe ulikuwa wa pua. Punda wa Mkomani na punda wa Langoni, mitaa miwili ya mji wa Lamu, walifika mstarini pamoja, mwamuzi akanyoosha mkono, "Langoni!", na papo hapo Mkomani wakakumbuka kwamba mwamuzi ameoa Langoni. Wala hazikuwa zile mbio za tamasha wanazokuja kuzitazama wageni. Zilikuwa za vijana wa mtaa, za kuwanoa punda, na zawadi yake haikuzidi gunia la pumba. Lakini mwaka ukakaribia kwisha na barazani bado wanagombania pua.

Ami alichoka. Alitaka anywe kahawa yake kwa amani. Akasema inunuliwe kamera ya video, iwekwe mstarini, iseme yenyewe. Ikapigwa harambee, na mchango mkubwa kuliko yote ukatoka kwa mwamuzi mwenyewe. "Nataka dunia ione," alisema, akaihesabu pesa mbele ya watu, noti kwa noti.

Kazi ya kuchagua nikapewa mimi, kwa sababu ndiye ninayetengeneza simu mbovu za mtaa mzima. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mzee wa baraza ni fundi wa kamera.

Nahodha mmoja alitaka zile ndogo za kufunga kichwani, zisizoingia maji. Tukaazima ya mgeni kule Shela, tukaijaribu. Lenzi yake ni pana mno: imemeza ngome, gati, bahari na kipande cha kisiwa cha Manda, na punda aliye hatua thelathini hujui ni punda au ni paka. "Basi tumfunge punda mwenyewe," akasema nahodha. Tukamfunga. Dakika kumi za masikio mawili na njia katikati.

Wengine wakasema simu yatosha. Simu nyingi ukivuta kwa vidole viwili hazisogezi kitu, zinakata tu picha ileile na kuipanua, na mwisho wake punda anakuwa vigae vya kijivu. Mwalimu mmoja mstaafu naye akashikilia ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Nikamweleza kwamba lenzi ya kuvuta mbali peke yake itazidi bei ya punda wote wawili, na kwamba nyingi za zamani za aina hiyo huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa forodha za Ulaya zilikuwa zikitoza ushuru kamera inayorekodi zaidi ya hapo, na watengenezaji wakaona bora waikate.

Ami akaweka kikombe chini. "Yaani ushuru wa Ulaya ndio utaamua punda wa Lamu?"

Kamera kubwa ikafa hapo.

Mimi tangu mwanzo moyo wangu ulikuwa kwenye handikamu ya mtumba, kamera ya video ya mkononi, yenye zoom ya lenzi hasa na inayopiga picha 50 kwa sekunde. Nikawapigia hesabu. Punda akikimbia mita 5 kwa sekunde, kamera ya picha 25 inamwachia sentimita 20 kati ya picha na picha. Pua imeshapita wewe hujaiona! Ya picha 50 inamwachia 10. Na shata, yaani muda wa kamera kufumbua jicho kwa kila picha, ukiiweka sehemu moja ya 500 ya sekunde, ndani ya picha moja anasogea sentimita 1 tu, pua inabaki pua. Watu wakanyamaza. Nilijiona profesa.

"Na bei gani?" akauliza mwenye kahawa.

Nikavuka maji hadi Mokowe, nikapanda basi la Mombasa. Muuzaji wa kwanza alinitolea moja iliyoandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu: zoom 2000. Hiyo elfu mbili ni ya kidijitali, ni ukataji uleule wa simu ila umevaa suti. Zoom ya lenzi imeandikwa chini yake kwa herufi za mchwa: 30. Nikainunua kwa ajili ya hiyo 30, kwa shilingi 28,000, pamoja na betri mbili, chaja na kadi ya kuhifadhia video. Niliporudi, baraza zima lilipokezana kuzitazama ndege zikitua Manda, na mzee mmoja akawa anatutangazia mizigo ya abiria, mpaka betri zote mbili zikakata roho.

Siku ya mbio nilipata dirisha la ghorofani, linaloukabili mstari sawasawa. Hili ni muhimu: ukisimama kabla ya mstari, punda aliye karibu nawe huonekana ametangulia hata kama yuko nyuma. Kisimamio cha miguu mitatu hatukuwa nacho, nikaitua kamera juu ya mfuko wa pojo za nyanya yangu, ikakaa kimya kuliko mtu. Nikamsimamisha mtoto juu ya chokaa ya mstari ameshika leso, nikalenga leso mpaka maua yake yakasomeka, nikaifunga fokasi hapo. Shata 500. Kila kitu kwa mkono.

"Ami, usiiguse."

"Mimi? Niiguse nifanye nini?"

Nikashuka kuwaondoa watoto mstarini. Niliporudi taa nyekundu yawaka, yarekodi, na kioo chake kwa lile jua hakionyeshi chochote isipokuwa uso wangu mwenyewe. Kelele zikaanza upande wa gati. Punda wakaja, vumbi, mayowe, wakapita. Mwamuzi akanyoosha mkono. "Langoni!"

Mkomani wote wakageuza vichwa kwenye dirisha langu.

Jioni televisheni ilitolewa ukumbini kwa Ami. Wanaume wamebanana mkekani, wanawake nyuma ya pazia, mwamuzi kakaa mbele kabisa na kanzu mpya. Nikachomeka waya.

Ilitokea picha safi kupita kiasi. Ya mwamuzi. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari, ametukabili, uso wake umejaa televisheni, hata mvi za ndevu wazihesabu. Nikamtazama Ami.

"Ilikuwa imeandika maneno mekundu," akasema. "Nikaona yalalamika. Nikabonyeza pale pa oto ipumzike."

Handikamu ile ikiwekwa oto hutafuta nyuso za watu. Za punda haizijui. Na lenzi ikivutwa mpaka mwisho, kinachoonekana vizuri ni kile ilichokishika tu, chochote kilicho mbele yake ni moshi.

Basi tukatazama. Mwamuzi, waziwazi, ana karatasi ya viazi vya karai. Anachagua. Anakichovya kimoja kwenye ukwaju, anakipeleka mdomoni, pilipili inamfika, anafumba macho. Tone la ukwaju linashuka ndevuni, linaning'inia, linaanguka kifuani kwenye kanzu nyeupe. Anainama. Anatoa kitambaa, anasugua, anatia mate, anasugua tena. Mbele yake unapita moshi wa kijivu, halafu moshi mwingine wa kijivu. Bado anasugua. Kisha anainua kichwa, anatazama kushoto, anatazama kulia, ananyoosha mkono.

Ukumbini hakuna aliyekohoa. Nyuma ya pazia mtu akaanza kucheka, akazibwa mdomo.

"Rudisha nyuma," akasema mwamuzi.

Nikarudisha.

"Simamisha. Hapo, hapo kabla ya ukwaju." Akausogelea uso wake, akautazama kwa makini, kidevu juu, kidevu chini. "Hii nitumie kwa WhatsApp. Kwenye kitambulisho nimetoka mwizi."

Makelele yaliyofuata yalisikika mpaka sokoni. Mkomani wanataka mbio zirudiwe, Langoni wanataka pumba yao, mwalimu mstaafu anasema yeye alisema. Katikati ya vurugu hiyo mkono wenye hina ukatokea nyuma ya pazia, ukamvuta Ami bega, na sauti ikamuuliza kama kamera hiyo ina kazi Ijumaa, maana wana harusi, na bibi arusi si punda.